Waliokuwa Nje ya Ngome

Novemba 29

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mama anaamini kila nikikaa na daftari hili ninanakili mafundisho ya vijana wa kigango, na amekwisha kunisifia kwa majirani. Kumbe ninaandika historia ya ngome ambayo haipo hapa Nambis wala popote duniani, na ngome hiyo naipenda kuliko nyumba ninamolala.

Ni mchezo. Tulifundishwa kidato cha tatu na mwalimu wa mazoezi. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini, kisha inarushwa dadu kuamua kama amefaulu au ameanguka. Tulikuwa tunacheza bwenini Jumapili mchana. Sasa tumemaliza kidato cha nne, kila mtu yuko kwao, tunacheza kwenye kundi la WhatsApp. Tuko wanne: Oliva wa Dongobesh, ambaye baba yake ana duka la pembejeo, kaka yake Gerald, aliyejiunga juzi na kazi yake ni kutania, Helena Gidahosh wa Mogitu, na mimi, Marieta Sulle, msimulizi.

Mimi kuwa msimulizi ni kichekesho. Mbele za watu mdomo wangu hufunga. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, sauti sina. Helena alikuwa anasimama, anasema, "Mwalimu, Marieta anasema ni asilimia arobaini," wakati mimi sijasema chochote. Na mara nyingi ilikuwa kweli ni arobaini. Yeye ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kutokwa jasho.

Matokeo yakitoka mwezi wa kwanza tutatawanyika. Nataka mzingiro wa ngome uanze mwaka mpya, Helena akiwemo. Nikimpoteza Helena, sina mwingine wa kusema naye. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Desemba 1

Mvua bado. Baba amesimama shambani akitazama mawingu mpaka mama akamwambia hayanyeshi kwa kutazamwa.

Desemba 3

Ngome nimeiita Mbavuni, kwa sababu imechimbwa ubavuni mwa mlima. Sikujua watu wangeishije humo, basi nilimfuata Babu Akonaay akipukuchua mahindi.

"Babu, zamani vita ikija watu walijifichaje?"

"Walichimba nyumba kilimani. Paa linalingana na ardhi, nyasi zimeota juu. Adui anapitisha ng'ombe juu ya kichwa chako, wewe unakunywa uji wako."

"Nani walikuja?"

"Mang'ati."

"Walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

"Uliwaona?"

"Mimi sikuwa nimezaliwa. Alinisimulia baba."

"Yeye aliwaona?"

Babu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Angewaonaje? Alikuwa ndani."

Nimeandika yote. Paa la nyasi ni zuri mno. Helena atalipenda.

Desemba 5

Mvua bado. Mama ameniambia nisome kwa sauti nilichoandika ili Babu naye apate mafundisho. Nimesema koo linauma.

Desemba 8

Nimemaliza historia na kuituma kwenye kundi. Sehemu ninayojivunia ni hii:

"Katika mwaka wa njaa Wamang'ati walipanda kutoka tambarare. Hawakuwa na nyuso. Walinuka damu na samli, na hakuna aliyewahi kumsikia mmoja wao akitaja jina lake."

Oliva ameandika kwamba amesisimka mwili. Helena bado hajasoma, alama zake hazijawa za bluu. Huwa anasoma akishafungia ndama.

Desemba 9

Gerald ameandika: "Helena, jiandae, shangazi zako wako getini." Akaweka vikaragosi vya kucheka. Oliva naye akaweka vya kwake.

Helena akaandika neno moja: "Nimeiona."

Kisha maandishi madogo ya kijivu: Helena amejitoa kwenye kundi.

Nimempigia Oliva. Kwa simu naweza kusema kidogo. "Atarudi," alisema. "Amechoshwa na Gerald. Nani hachoshwi na Gerald?"

Desemba 10

Nimemtumia Helena ujumbe, haujamfikia. Tiki moja.

Desemba 11

Tiki moja.

Desemba 12

Mvua imeanza. Tumepanda tangu asubuhi, baba anaimba. Tiki moja.

Desemba 15

Mvua haikati. Nimeisoma historia yangu tena na tena nikitafuta kosa. Nilidhani labda amekasirika kwa kuwa mhusika wake, mwindaji anayeitwa Tai, nilimweka ghorofa ya chini pamoja na mbuzi. Nikamhamishia mnarani. Nikamtumia ujumbe kwamba nimemhamishia mnarani.

Sili vizuri. Mama anasema ni mawazo ya matokeo.

Desemba 18

Leo nimepiga, simu ikapokelewa. Alikuwa mwanaume.

"Nani mwenzangu?"

"Marieta."

"Ongeza sauti, kuna upepo."

"Marieta. Rafiki yake Helena."

"Mimi ni Abel, kaka yake. Helena ana rafiki anaitwa Marieta aliyemwita adui. Ni wewe au ni mwingine?"

"Sijamwita adui."

"Umeandika Mang'ati. Umeandika au hukuandika?"

"Nimeandika. Ni jina la kabila."

"Kabila letu ni Wabarabaig. Hilo ni neno la Wamasai, maana yake maadui. Tulipigana nao, wakatuita hivyo, ni haki yao. Nyie tunauziana nanyi maharage na ndama, mnatuita adui asubuhi na jioni, halafu mnatuuliza habari za nyumbani."

Nilitaka kusema sikujua. Mdomo ulifunga. Alisubiri kidogo, kwa kweli alisubiri, kisha akakata.

Desemba 19

Sikujua. Naapa kwa Mungu, yule ninayejifanya kunakili mafundisho yake, sikujua. Lakini tangu jana nalisikia neno hilo kila mahali, kama mtu aliyeambiwa kuna inzi ndani ya chumba. Katekista amesema ng'ombe wa Mang'ati wameingia kwenye maharage ya kigango. Mwanamke dukani amesema mvua hii ni ya Mang'ati, haina adabu. Mama amenitazama nywele na kusema nisuke, nisije nikafanana nao. Wote ni watu wema. Mama jana alimpelekea mgonjwa uji kwenye mvua. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba neno linatoka kwenye midomo mizuri.

Na Helena alilala kitanda cha juu yangu miaka yote akilisikia. Nilidhani ananyamaza kwa sababu halimuumizi.

Desemba 21

Nimefuta neno, nikaandika "wavamizi". Nikasoma. Bado hawana nyuso, bado wananuka. Nimebadilisha kibao cha jina, waliomo ni walewale.

Nimemrudia Babu. "Hao watu wenyewe walijiitaje?"

"Nani?"

"Waliokuwa nje."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, mtu amekuja kuchukua ng'ombe zako, unamfungulia mlango umuulize jina?"

Zamani ningecheka naye. Leo nimeinuka nikaenda kumkinga ndama na mvua.

Desemba 25

Noeli. Nimeimba kwaya kwa kufumbua mdomo tu.

Desemba 28

Abel ameandika: "Bibi amejua. Alimwuliza Helena kwa nini hacheki, akasema. Kwetu mwanamke akitukanwa, wanawake ndio wanaokaa kusikiliza. Ukitaka yaishe, njoo useme mwenyewe. Usitume maandishi, karatasi haina mdomo."

Nimesoma nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Angeniambia nibebe gunia mpaka Mogitu kwa kichwa ningekuwa nimekwisha kuondoka.

Desemba 30

Oliva amekataa kwenda nami. "Nikaombe msamaha kwa kosa gani? Mnadani watu wanalisema hilo neno mchana kweupe." Nilimwambia, ndiyo maana. Akasema nimeanza kuwa mgumu. Labda.

Mahindi yameota mistari yote. Sijafurahi.

Januari 2

Nimemwambia mama.

"Naomba niende Mogitu nikamwombe rafiki yangu msamaha."

Aliacha kupepeta. "Wewe? Utasema?"

"Nitajaribu."

"Umemkosea nini?"

"Nilimwita jina baya."

"Jina gani?"

Sikuweza kumtajia. Alikuwa amelitaja mwenyewe asubuhi hiyo. Alinitazama sana, kisha akaanza kunichagulia maharage mazuri kwenye ungo. "Kwa watu usiende mikono mitupu," alisema. Nilisikia uchungu, kwa sababu nampenda mama na sikujua nianzie wapi.

Januari 5, Mogitu

Naandika nikiwa kwao Helena. Mvua imenizuia, nitalala hapa.

Abel alinipokea barabarani. Ni mpole kuliko sauti yake. Aliniuliza kama nimekula, nikatikisa kichwa, akasema, "Ni ndiyo au hapana hiyo? Huku wanaotikisa kichwa ni ng'ombe tu." Nikacheka bila kupenda.

Wanawake walikuwa wamekaa ndani, watano au sita, wengine wamevaa sketi za ngozi na bangili za shaba, mmoja ana fulana ya timu ya mpira. Katikati alikaa bibi yake Helena, mdogo, mkavu, macho meupe pembeni. Nilitoa shikamoo moja kwa wote, ikatoka kama pumzi. Helena alisimama karibu na nguzo. Hakunitazama. Wengi hawajui Kiswahili vizuri, kwa hiyo yeye ndiye aliyetafsiri. Fikiria hilo. Niliomba msamaha wa kumtukana kwa kupitia mdomo wake, naye alitafsiri kila neno kwa sauti isiyo na kitu, kama anayesoma bei.

Waliniambia niisimulie historia yote. Nilianza na mlima, na nyumba zilizochimbwa ubavuni, na paa la nyasi. Walisikiliza. Mwenye fulana akasema jambo, wakacheka, Helena akatafsiri: "Anauliza mvua kama hii ikinyesha, hiyo ngome haijai maji?" Nikasema sijui. Kisha nikafika kwa watu wa tambarare, na hapo nikakwama. Niliona lazima nilitaje lile neno kwa mdomo, mbele yao, maana ndilo nililoandika. Nikalitaja. Nikasema niliandika hawana nyuso. Nikasema niliandika wananuka. Helena alitafsiri.

Mwanamke mmoja mzee akauliza, "Hao waliokuwa nje walikuwa wanatafuta nini?"

"Sijui."

"Hujui, na umeandika historia?"

"Labda walifuata ng'ombe wao walioibwa," alisema mwenye fulana, na wanawake wakacheka sana, na mmoja akampiga kofi begani.

Mimi sikucheka. Miguu ilikuwa inatetemeka na machozi yamekuja. Nilimgeukia yule bibi nimwambie samahani, Kiswahili kikanikimbia chote, nikamwita kama ninavyomwita bibi yangu kwa Kiiraqw. Nilisema, "Aama." Neno hilo tu.

Bibi akanyanyua uso. Akainua mkono, akasema maneno machache, ikawa mwisho. Helena akatafsiri uamuzi: neno limesikilizwa, msichana amekuja kwa miguu yake, faini yake ni siku moja aje awaambie waliokuwa nje walikuwa wanatafuta nini. Halafu kwa mara ya kwanza akanitazama, na mdomo wake ukakaa upande, kama zamani akizuia kucheka. Nilidhani nimeokoka.

Mvua ikashuka kwa nguvu, wanawake wakakimbilia ndama, Helena pamoja nao. Nilipotaka kutoka, bibi alinishika kifundo cha mkono.

"Umeniitaje?"

Alisema kwa Kiiraqw. Si cha sokoni cha mtu aliyejifunza kwa kununua vitunguu. Kilikuwa cha zamani, kama cha Babu akisali.

"Samahani, Aama. Nilichanganyikiwa."

"Sema tena."

"Aama."

Alifumba macho. Akaniuliza kama chemchemi ya chini ya mwamba mweupe bado inatoa maji, na kama ukungu bado hulala bondeni mpaka ng'ombe watolewe. Nikamjibu. Niliongea, na sikuona kwamba ninaongea.

"Ngome yako ina lango?"

"Ndiyo."

"Linafunguliwa lini?"

"Halifunguliwi. Kuna maadui nje."

"Linafunguliwa," alisema. "Mimi nilitolewa hapo."

Alikuwa msichana kama mimi na alikuwa na mimba, hajaolewa. Enzi hizo kwetu waliamini msichana wa hivyo anaichafua ardhi na kuizuia mvua, haruhusiwi kulala ndani ya mipaka. Kaka zake walimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Hawakumpiga. Walisimama tu wakamngoja aende, na alipogeuka walikuwa wamekwisha kumpa mgongo. Akashuka tambarare, kwa watu aliofundishwa toka utotoni kwamba wanakula watoto.

"Wewe umeandika hawana nyuso," alisema. "Wa kwanza niliyemwona alikuwa mwanamke mwenye jicho moja. Alinipa maziwa kabla hajaniuliza mimi ni nani. Uso ule niliutazama siku nzima. Mpaka leo nikitaka kulala ninautazama."

Nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alisema mwenye zizi alimwoa akijua yote, na akatamka kwamba mtoto anayezaliwa kwenye zizi lake ni wake. Mtoto huyo ni Gidahosh, baba yake Helena. Waliojua wamekufa. Gidahosh hajui.

"Ndugu zake wa baba wakijua, watamwuliza ng'ombe anaowachunga ni wa nani. Ni mtu mzima, anasimama mbele ya watu. Usiniangushie mwanangu."

"Na Helena?"

"Helena anajua mimi ni bibi yake. Yule uso wake hauwezi kuficha kitu, na anampenda baba yake. Atakwenda kumwuliza." Akaniachia mkono. "Sijui kwa nini nimekuambia. Umeniita Aama. Sijalisikia neno hilo tangu niliposhuka."

Akanitajia jina lake la usichana. Hilo siliandiki hata hapa.

Januari 6

Helena alinisindikiza barabarani. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa nusu na mawingu. Alikuwa amebeba mfuko wangu na alikuwa ananitania, akasema jana nilitetemeka mpaka bangili za wanawake zikalia. Alisema atarudi kwenye kundi, lakini Tai asikae mnarani, mwindaji gani anakaa mnarani. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika.

Kisha akauliza, "Bibi alikuambia nini muda wote ule?"

"Aliniuliza habari za Nambis."

"Bibi hajawahi kufika Nambis. Na Kiswahili chake ni cha kuomba chumvi. Mliongea lugha gani?"

Niliongeza mwendo.

"Marieta. Nilisikia kupitia mlangoni. Mliongea Kiiraqw."

"Helena, usiniulize."

"Ni bibi yangu."

"Najua."

"Huwezi kusema au hutaki?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa wazi kama sahani, kila kitu kiko juu yake. Bibi alisema kweli. Nikaona Helena akiingia nyumbani na uso huo, baba yake akiinua kichwa.

"Sitaki," nilisema.

Alinirudishia mfuko, taratibu, akahakikisha nimeushika. "Lile neno nilikusamehe," alisema. "Nyie wote mnalisema, ulikuwa hujui. Hili unajua unachofanya." Akarudi njia aliyokuja. Sikumwita. Nilikuwa na sauti, safari hii nilikuwa nayo, na niliibana kwa makusudi.

Januari 9

Tiki moja.

Januari 14

Palizi. Mvua. Babu ameuliza ngome yangu imefikia wapi. Nimemwuliza kama aliwahi kusikia wasichana waliotolewa nje ya mipaka. Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu. "Mambo hayo hayasimuliwi," alisema, akaondoka na kiti chake. Babu ambaye husimulia kila kitu.

Januari 19

Tumeanza mzingiro, watatu. Niliandika historia upya. Waliokuwa nje sasa wana nyuso, nimempa mmoja jicho moja na kibuyu cha maziwa. Gerald amesema adui wangu wamekuwa wema mno, atapigana na nani sasa. Lakini lango nimeliacha limefungwa. Ningeandika msichana anayetolewa hapo, Oliva angemtumia Helena, na Helena si mjinga.

Kwa hiyo historia yangu bado ni ya uongo. Ya kwanza ilikuwa ya uongo kwa kutojua. Hii ninajua.

Januari 25

Matokeo yametoka. Nimefaulu, Helena pia amefaulu, nimeliona jina lake. Mama amepiga vigelegele, majirani wamekuja, wamenitaka niseme neno, nimeshindwa, wote wakacheka kwa upendo. Nilimwandikia Helena hongera. Tiki moja ileile.

Nimefikiri kuzing'oa kurasa za Mogitu nikazitia motoni. Sikuweza. Bibi yule alikaa miaka yote hiyo bila mtu wa kumwambia, nami siwezi hata mwezi mmoja, ndiyo maana wewe unayesoma daftari hili umejua. Basi nakuomba. Ukifika Mogitu, kuna msichana mrefu anayecheka kwa kukaza mdomo upande mmoja. Usimwambie. Akikuuliza kwa nini Marieta alinyamaza siku ile barabarani, mwambie ni aibu tu, alizaliwa nayo, hata darasani ilikuwa hivyo. Ataamini. Kila mtu huamini.